Paja la Kuazima

"Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja mapajani," Joan alisema kwa mara ya tatu, na safari hii alijipiga paja chini ya meza ili lisikike.

Janeffer alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Alikuwa akingoja tu maneno yabadilike. Kipruto alikuwa mgongoni, Cheruto kifuani, na ngazi za kufikia ile ofisi ya tiketi, iliyokuwa juu ya duka la viatu mjini Kericho, zilikuwa zimemtoa pumzi. Kwenye benchi nyuma yake watu watatu walikuwa wakisubiri zamu yao na kusikiliza bila aibu.

"Lakini nyinyi ndio mlituambia watoto wanabebwa bure."

"Tuliwaambia mtoto."

"Si mlijua ni mapacha? Hata kadi ya harambee iliandikwa mapacha, na moja iko hapo ukutani kwenu!"

Joan aliitazama ile kadi kana kwamba ndiyo iliyomkosea. "Dada, sheria si yangu. Ni mambo ya usalama. Ndege ikianza kurukaruka huko juu, utashika nani na utaachilia nani?"

Swali hilo lilimkera Janeffer kwa sababu lilikuwa la haki. Aliuliza basi kama safari ingeweza kusogezwa mbele. Haikuweza. Tiketi ilikuwa ya bei nafuu, ya kutobadilishwa tarehe, na viza nayo ilikuwa inakaribia kuisha. Na kiti cha pili? Kiti cha pili kilihitaji pesa, na harambee ilikuwa imekwisha kuliwa. Watu wa kijiji chake, Merigi, walikuwa wametoa walichokuwa nacho, jogoo mmoja akapigwa mnada mpaka akachoka kubebwa, kwaya ikaimba, wali ukaisha. Mtu harudi kwa watu hao hao kuwaambia kwamba hesabu ilikosewa.

"Si umwachie nyanya yake mmoja?" mzee mmoja alisema kutoka benchini. "Wengine huacha hata wote."

Wenzake wakacheka. Wakati huohuo Cheruto akacheua maziwa juu ya kitabu cha safari za ndege, na Janeffer akajikuta akikifuta kwa ncha ya leso huku akiomba msamaha kwa watu ambao ndio waliokuwa wamemkosea. Masikio yalimwaka moto. Lakini hakuinuka.

Labda ndiyo sababu Joan alilegea. Aliinama mbele na kupunguza sauti. "Njia nyingine ni mtu mzima aliye na tiketi ya ndege hiyohiyo, akubali kumpakata mmoja mpaka mwisho wa safari. Na yuko mmoja hapa mjini. Mama Shirley, yule wa duka la vitambaa karibu na soko. Anaenda kumwona binti yake Uingereza. Lakini usiseme ni mimi nimekuambia."

*

Bot Kimeli, mama mkwe wake, alikuwa jikoni akisugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa kijinga chenye makaa. Kipkosgei, mwanawe mkubwa na mzee wa kanisa, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa harambee, kwa hiyo aliisikiliza habari hiyo kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Basi Kipruto abaki," Bot Kimeli alisema.

Alilisema upesi mno. Janeffer alitambua kwamba neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwake siku nyingi likisubiri mlango.

"Mama, mtoto wa miezi mitano ananyonya."

"Wengi wamelelewa na maziwa ya ng'ombe. Na ng'ombe ninayo." Aliendelea kusugua. "Mkienda wote, ni nani atawarudisha? Kijana wa Chepyegon alienda hivyohivyo, na bibi na watoto. Sasa wanatuma picha ya Krismasi. Picha! Mama yake anaibusu. Mmoja akibaki hapa, nyinyi mtarudi."

"Kwa hivyo ni rehani."

"Ni mjukuu wangu," Bot Kimeli alisema, na akamtazama Kipruto.

Janeffer alimhurumia, na hilo halikumsaidia. Kimeli, mume wake, aliondoka kwenda masomoni Uingereza kabla tumbo halijaonekana. Watoto hawa walizaliwa nyuma ya lori la majani chai lililokuwa likikimbilia hospitali, wakapewa majina ya waliozaliwa safarini, na baba yao hakuwa amewagusa hata kidole. Kumpelekea mmoja na kumweleza kwamba mwingine alibaki nyumbani kama kofia iliyosahaulika, hapana. Hilo hangelifanya.

"Kuna mtu anasafiri na ndege hiyo," alisema. "Nitamwomba anishikie mmoja. Anaitwa Mama Shirley, ana duka la vitambaa Kericho."

Kijinga kilisimama ndani ya kibuyu.

"Huyo hapana."

"Kwani unamjua?"

"Nimesema hapana. Tafuta mwingine."

Janeffer alimgeukia Kipkosgei, lakini mzee wa kanisa alikuwa ameshainuka kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na haja yoyote ya kuangaliwa.

*

Alikwenda asubuhi iliyofuata bila kuaga. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aolewe.

Bilhah, ambaye mji mzima ulimwita Mama Shirley, alikuwa mama mnene wa makamo, futi ya ushonaji shingoni na sindano mbili zimechomekwa kifuani. Hakungoja hata maneno yaishe. Alinyoosha mikono juu ya kaunta akamchukua Cheruto, akampima kwa kumrusharusha kidogo.

"Wee! Huyu ni mzito kama gunia la viazi. Mnawapatia nini huko? Na huyo mwingine yuko aje?"

"Kipruto ni mwepesi kidogo, lakini analia zaidi."

"Basi huyo ndiye wangu. Mimi nimelea Shirley, hakuna kilio sijasikia." Alicheka mpaka sindano zikatikisika. "Na mtoto wa Shirley sijamwona bado, nitakuwa nimefanya mazoezi njiani. Wewe usiogope. Kazi yangu ndani ya ndege ilikuwa ni kukaa tu."

Janeffer alihisi machozi yanakuja na akayarudisha. Jambo lililomnyima usingizi lilikuwa limekwisha kabla chai haijapoa. Bilhah alimkalisha kwenye robota la vitambaa, akamwongezea chai, na akauliza kama watu wanavyoulizana kila siku:

"Na umesema nyinyi ni wa wapi?"

"Merigi. Boma la Bot Kimeli."

Mkono wa Bilhah uliokuwa ukimpapasa mtoto mgongoni ukatulia. Alimrudisha Cheruto kwa mama yake taratibu, kwa heshima, jinsi mtu anavyorudisha kitu cha wenyewe.

"Ng'ombe yangu iko?"

"Ng'ombe gani, Mama?"

"Hujui?" Bilhah alimchunguza uso. "Mimi nilikuwa na duka hapo Merigi. Tisini na mbili, wakati watu walichomeana nyumba, niliondoka na Shirley na cherehani moja. Nilikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, Kabuti, mwenye sikio la kushoto limepasuka. Sikuweza kupanda nayo gari. Nikashika kamba, nikaitia mkononi mwa mama mkwe wako. Akaniambia, usiwe na shaka, hii sasa ni kimanagan. Mimi Mkikuyu, hilo neno nilifundishwa na yeye. Aliniambia, ng'ombe ya kuwekewa mtu ni hivi: maziwa ni yangu, ndama ni wako, na ikikufa nitakuletea ngozi uione. Miaka minne, sijaona ndama, sijaona ngozi."

Sikio la kushoto lililopasuka. Janeffer alilijua sikio hilo. Alilishika kila alfajiri akimfunga Kabuti kabla ya kumkamua, mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Na alijua pia siku Kabuti alipofungwa kamba na kupelekwa mnadani Mulot, kwa sababu ndiyo wiki ambayo Kimeli alilipia tiketi yake.

Ilikuwa rahisi kusema alikufa. Neno moja tu, na Kipruto angepata paja. Bilhah alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa yakisubiri neno hilohilo.

Janeffer alifungua mdomo, akaufunga.

"Sawa," Bilhah alisema. "Afadhali umenyamaza. Hiyo si kesi yako."

"Mama Shirley, mbona hukuja kuuliza?"

"Kuuliza wapi? Huko?" Alichukua kikombe cha mgeni, ingawa chai ilikuwa bado imo. "Mimi sina ubaya na watoto wako. Lakini siwezi kupakata mtoto wa boma ambalo haliwezi kuniambia kama ng'ombe yangu ilikufa ama inaishi. Aje mwenyewe. Na mdomo wake."

*

Aliwakuta mama mkwe na Kipkosgei zizini. Bot Kimeli alikuwa akimkamua yule ng'ombe mweusi aliyebaki, na ndama alikuwa akimsukuma kwa pua.

"Mama, huyu ng'ombe ni mtoto wa nani?"

"Ni mtoto wa ng'ombe," Bot Kimeli alisema bila kugeuka.

"Wa Kabuti?"

Maziwa yaliacha kugonga ndoo. Kipkosgei alianza kusema kwamba mambo ya zamani hayana faida, kwamba wakati ule kila mtu alijua wale watu hawatarudi, na kwamba Kimeli asingesafiri bila ng'ombe yule kuuzwa, na je, yeye Janeffer angependa mume asiye na masomo? Mama yake alimnyamazisha kwa mkono.

"Nilimngoja," alisema. "Mwaka wa kwanza nilimngoja. Wa pili nikasema hatarudi. Watu wote walisema hatarudi. Kimeli akataka kwenda, nikasema basi, mwenyewe amesahau."

"Na sisi pia unasema hatutarudi."

Bot Kimeli aliisogeza ndoo karibu.

Janeffer alikuwa ameapa njiani kwamba hangemvunjia heshima. Lakini alikuwa amechoka, mabega yalimwuma, na neno likatoka lenyewe. "Basi nikuulize, Mama. Nikikuachia Kipruto, na sisi tuchelewe miaka miwili mitatu, naye atapelekwa Mulot?"

"Janeffer!" Kipkosgei alifoka.

Hakuna mke wa boma lile aliyewahi kusema maneno kama hayo, na hakuna aliyetarajia kuyasikia. Hata ndama alionekana kurudi nyuma. Bot Kimeli alikaa kwenye kigoda chake akitazama maziwa, na povu lote likaisha ndooni kabla hajainuka. Alipita katikati yao akaingia nyumbani.

Janeffer aliona aibu, lakini hakulifuta neno lake. Alikwenda kuwanyonyesha watoto, mmoja kila upande.

Kulipopambazuka alimkuta mama mkwe wake uani amevaa gauni la kanisani na viatu vya ngozi. Mkononi alikuwa ameshika kamba.

"Pikapu ya maziwa inapita saa hizi," Bot Kimeli alisema. "Funga watoto. Na umwambie Kipkosgei aje asukume ng'ombe, kama bado ana nguvu ya kuongea."

*

Mji wa Kericho umeona mengi, lakini haukuwa umezoea ng'ombe na ndama wake kushushwa mbele ya duka la vitambaa. Watu walijaa kama mkutano wa hadhara. Ng'ombe aliacha kinyesi penye ngazi ya duka. Makanga mmoja akapaza sauti:

"Shosho ameleta mahari! Mama Shirley, umeolewa!"

Watu wakaangua kicheko. Bot Kimeli, ambaye kanisani alikuwa na kiti chake cha mbele, alisimama katikati ya kicheko hicho na viatu vyake vizuri ndani ya tope. Janeffer alitaka kumshika mkono. Mama mkwe alikataa kwa kichwa.

Bilhah akatokea mlangoni.

"Chamgei, Mama Shirley," Bot Kimeli alimsalimia.

Bilhah hakuitikia. Alikuwa akimtazama ng'ombe.

"Huyu ni binti ya Kabuti. Alizaliwa mvua ya kwanza baada ya wewe kuenda. Na huyu mdogo ni wake. Wote ni wako. Maziwa nimekunywa, hayo yalikuwa yangu. Lakini Kabuti mwenyewe..." Umati ulikuwa umenyamaza, maana watu hupenda kicheko lakini hupenda habari zaidi. "Kabuti sikukuletea ngozi kwa sababu hakukufa. Niliuza. Kimeli alienda nayo ng'ambo. Nilisema hatutaonana tena. Nimekosa, na nimekosa mbele ya hawa watu."

Bilhah alishuka ngazi. Alimpapasa ng'ombe shingoni, akamshika sikio la kushoto, zima kabisa, akalikunja na kulikunjua kama anayetafuta kitu.

"Kwa hivyo ng'ombe yangu imepanda ndege kunishinda," alisema.

Mtu mmoja alicheka. Bilhah hakucheka. Alikuwa akilia, mama mzima, futi shingoni, mbele ya wateja wake, na hakujisumbua kupangusa. "Si ng'ombe, Mama Kimeli. Ng'ombe nimenunua na kuuza. Ni vile hukunitumia hata neno. Nilikuwa nikisikia gari la Merigi limeingia, ninatoka nje kuangalia kama kuna mtu ameniletea salamu. Ningejua bado niko na jirani huko."

Bot Kimeli alisogea mpaka penye ngazi. Alinyoosha tu ile kamba.

Bilhah aliipokea. Alimtazama ng'ombe, ndama, ngazi iliyochafuka, na mlango wa duka lake.

"Na sasa nitaiweka wapi? Juu ya kaunta?"

Safari hii hata Bot Kimeli alitoa sauti iliyokaribia kicheko. Bilhah akamrudishia kamba, akamfumba vidole juu yake kwa mikono yote miwili.

"Nakuwekea tena. Hawa wote ni mashahidi. Na ile iliyoenda ng'ambo, nitaongea na Kimeli mwenyewe."

Ndipo Bot Kimeli alipompa Kipkosgei kamba aishike, akazunguka nyuma ya Janeffer, akafungua leso. Alimtoa Kipruto, akamnusa utosini, muda mrefu, akamnusa tena. Kisha akamlaza mikononi mwa Bilhah.

"Na mimi nakuwekea huyu," alisema. "Maziwa ni ya mama yake. Lakini arudi. Hata kama ni baada ya miaka, arudi nimwone."

*

Kanisa zima lilitaka kusindikiza, na karibu kanisa zima lilisindikiza. Uwanja wa ndege wa Nairobi uliimbiwa nyimbo zote za kitabu. Kwenye kaunta, kijana mwenye tai alizitazama tiketi, akamtazama Bilhah na mtoto aliyekuwa akiivuta shanga yake.

"Huyu ni mjukuu wako, mama?"

"Hapana. Amewekwa kwangu."

"Sielewi. Ni jamaa yako?" Alishika kalamu juu ya karatasi. "Lazima niandike uhusiano."

Bilhah alifikiri. Nyuma ya kamba ya kuzuia watu, Bot Kimeli alikuwa ameacha kuimba na alikuwa akiwatazama wao tu.

"Andika jirani," Bilhah alisema.

Kijana alisita, kisha akaandika.

Kipruto alilia kama mama yake alivyoahidi. Alilia ndege ilipopaa, akalia juu ya jangwa, akalala, akaamka na kulia tena. Cheruto alilala njia nzima. Kila Janeffer alipotaka kubadilishana, Bilhah alimkatalia. "Wewe shika wako. Nikichoka nitasema," alisema, na hakusema.

Kimeli alikuwa akiwangoja ng'ambo ya milango ya vioo, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Alimwona Janeffer, akakimbia. Akamwona aliyekuwa nyuma ya Janeffer, na miguu ikapungua mwendo yenyewe. Alikuwa amenunua peremende nyingi katika duka lile la Merigi utotoni mwake, na siku Kabuti alipopelekwa Mulot ni yeye aliyemswaga.

"Mama Shirley," alisema, na macho yakaenda chini.

"Ni mimi." Bilhah hakuinua sauti. "Mama yako ameniambia yote. Ile ya kwangu tutaongea, si leo. Kwanza pokea yako."

Akamnyooshea Kipruto.

"Mwangalie vizuri. Huyu aliwekwa kwangu, na nimemfikisha. Sijamuuza."

Kimeli alimpokea mwanawe kwa mikono miwili. Janeffer, aliyekuwa amevuka mabara mawili kuona uso huo ukifurahi, aliuona kwanza ukilia. Alimwacha alie. Kipruto alimtazama mgeni huyu mwenye koti, akakunja uso, akapiga yowe, na kumnyooshea Bilhah mikono.

"Lete," Bilhah alisema, na alikuwa tayari ameshamchukua. "Nitamfikisha mpaka kwa gari."